Bubble Ball: alichoandika mvulana wa miaka 14, na alichokikuta kimeshaandikwa

Tarehe 29 Desemba 2010, mchezo mdogo wa simu uitwao Bubble Ball uliingia App Store, duka la programu la kampuni ya Apple. Wiki mbili baadaye ulikuwa umepakuliwa zaidi ya mara milioni 1, ukapanda hadi kileleni mwa orodha ya michezo ya bure na kuupita Angry Birds, jina ambalo siku zile hata watu wasiocheza michezo walikuwa wamelisikia. Aliyeutengeneza ni Robert Nay, mwanafunzi wa darasa la nane mwenye umri wa miaka 14, mkazi wa Spanish Fork, mji wa watu wapatao 35,000 katika jimbo la Utah, Marekani. Kuuandika kulimchukua mwezi na siku kadhaa, na msimbo wake ulifika mistari 4,000 hivi. Kabla ya hapo hakuwahi kuandika programu ngumu kiasi hicho.

Vyombo vya habari vilikisimulia kisa hiki kama habari ya mtoto mwenye akili za ajabu aliyeibwaga kampuni kubwa. Naona masimulizi hayo yanampunja kijana mwenyewe. Akili alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini kilichomfikisha pale ni mfululizo wa maamuzi mazuri, msaada wa watu wengine, na nafasi iliyojitokeza kwa wakati wake. Mambo hayo kijana mwingine anaweza kuyaelewa, na baadhi yake anaweza kuyafuata, mradi asimuliwe ukweli mzima. Akiambiwa kwamba siri ni kipaji, atabaki akijiuliza kama naye anacho, na wengi wakijiuliza hivyo huishia kuacha.

Ukubwa wa mchezo

Bubble Ball ni fumbo la fizikia. Mchezaji anaona mpira, bendera ya kumalizia mahali fulani kwenye skrini, na vipande vichache anavyoruhusiwa kuvipanga. Anavipanga kwa kidole, anabonyeza kitufe cha kuanza, kisha anatazama. Mpira unaanguka, unabingirika juu ya vipande, unafika au haufiki. Vipande vya mbao huanguka visipokuwa na cha kuvishikilia, vya chuma hubaki pale vilipowekwa. Kadiri mtu anavyosonga mbele hupewa pia nyenzo za kuuongezea mpira kasi au kugeuza mvuto. Toleo la kwanza lilikuwa na ngazi 21.

Tazama kisichokuwemo. Hakuna wahusika, kwa hiyo hakuna haja ya mchoraji wa kuchora kila hatua ya miguu yao. Hakuna hadithi. Hakuna wachezaji wanaokutana mtandaoni, kwa hiyo hakuna seva ya kulipia wala kulinda. Mpira ni duara, kipande ni mstatili, na ugumu wote wa mchezo umekaa katika swali moja: kwa vipande hivi tulivyokupa, utaupitishaje mpira?

Vijana wengi wanaoanza huchagua kinyume chake. Wanapenda michezo mikubwa, yenye miji mizima ya kuzunguka na mamia ya silaha, na wanachotaka kutengeneza ni kile wanachokipenda. Ni tamaa halali kabisa. Ila mchezo wa namna hiyo hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka, na mwanafunzi anayeuanza peke yake baada ya vipindi vya shule huishia kuwa na skrini ya mwanzo nzuri sana na hakuna kingine. Nay alichagua mchezo ambao mtu mmoja anaweza kuumaliza. Katika kisa kizima, hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu lilitangulia kila kitu na lilikuwa mikononi mwake mwenyewe.

Lugha aliyoiacha

Njia rasmi ya kutengeneza programu ya iPhone mwaka 2010 ilikuwa lugha ya Objective-C. Nay aliijaribu, ikamwia ngumu, akaiweka kando.

Masimulizi mengi hupita hapa mbio. Objective-C ya wakati ule ilimtaka mwandishi asimamie kumbukumbu ya kifaa kwa mkono wake mwenyewe: kila kitu alichokiumba, iwe picha au orodha ya namba, alipaswa kukishikilia kikiwa bado kinahitajika na kukiachilia kikishamaliza kazi. Akikiachilia mapema, mchezo unakatika ghafla mikononi mwa mchezaji. Akisahau kukiachilia, kumbukumbu inajaa kidogokidogo mpaka simu inaizima programu. Hitilafu za aina hiyo ni ngumu kuzisaka hata kwa mtu mzima aliyeajiriwa kuzisaka, kwa sababu zinajitokeza mbali na pale kosa lilipofanyika. Apple wenyewe waliuona mzigo huo, na mwaka 2011 wakaleta utaratibu wa kuifanya kazi hiyo kiotomatiki. Nay alikuwa amekwisha kutoa mchezo wake.

Mzazi au mwalimu anayemwona kijana akiacha chombo kigumu na kushika chepesi hudhani ni uvivu. Mwenendo wa kijana huyu unaonyesha vingine. Lugha aliiacha, mchezo hakuuacha. Alikwenda maktaba ya umma, akasoma, akapekua mtandaoni, akafika kwenye Corona SDK, kifurushi cha zana za kutengenezea programu za simu, cha kampuni ndogo ya California iliyoitwa Ansca Mobile, ambayo waanzilishi wake walikuwa wametoka kampuni ya programu ya Adobe.

Corona inatumia Lua, lugha iliyobuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro. Asili yake inahusu kisa chetu kuliko inavyoonekana. Brazili ilikuwa imetoka tu katika miaka ya vizuizi vikali vya kuingiza kompyuta na programu kutoka nje, na kikundi kimoja cha chuo hicho kilikuwa kikiihudumia kampuni ya mafuta ya Petrobras. Wahandisi wa mafuta walihitaji kuandika maelekezo ya kompyuta bila kuwa waandishi wa programu. Kwa hiyo wabunifu wa Lua waliitaka iwe na kanuni chache, iwe nyepesi, na isimchoshe mtu kwa mambo ya kumbukumbu, maana yenyewe hukusanya na kutupa kisichotumika. Miaka 17 baadaye, mwanafunzi wa Utah aliifurahia kwa sababu zilezile. Naye alikuwa mtu mwenye tatizo la kutatua ambaye hakuwa bado mtaalamu wa programu.

Sharti lililolegezwa Septemba

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo haikuwa mikononi mwa kijana hata kidogo, na mtu akiiacha nje anawadanganya vijana.

Mwezi wa Aprili 2010 Apple walibadilisha mkataba wao na watengenezaji programu. Kifungu cha 3.3.1 kilisema kwamba programu za iPhone sharti ziwe zimeandikwa tangu mwanzo kwa Objective-C, C, C++ au JavaScript. Watu wengi walikitafsiri kama pigo kwa Adobe, iliyokuwa imetengeneza njia ya kugeuza kazi za Flash, teknolojia yake ya michezo na michoro ya mtandaoni, kuwa programu za iPhone. Lakini maneno ya kifungu yalikuwa mapana. Yaligusa kila chombo kinachokaa katikati ya mwandishi na lugha za Apple, na waliokuwa wakitengeneza michezo kwa Lua walijikuta ndani ya wavu uleule. Kwa miezi mitano mtu aliyechagua chombo kama Corona alikuwa akifanya kazi bila uhakika kwamba siku ya kuwasilisha mchezo wake ungekubaliwa.

Tarehe 9 Septemba 2010 Apple walilegeza sharti hilo. Bubble Ball ulitoka miezi mitatu na nusu baadaye.

Laiti kifungu kile kingesimama kwa maneno yake hadi Desemba, mistari 4,000 ya Lua ingeweza kukataliwa mlangoni, hata ingekuwa imeandikwa vizuri namna gani, na hapangekuwa na kisa cha kuandikia. Kwa hiyo kuchagua chombo ni pia kuchagua uhusiano wa chombo hicho na mwenye duka, na wa mwenye chombo na watumiaji wake. Jambo hili halikwisha mwaka 2010. Mnamo Septemba 2023 kampuni ya Unity, ambayo injini yake, yaani programu ya msingi ambayo mchezo hujengwa juu yake, hutumika katika michezo mingi sana ya simu, ilitangaza ada mpya iliyohesabiwa kwa idadi ya usakinishaji wa mchezo. Watengenezaji walikasirika, baadhi wakahamia Godot, injini ya chanzo huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili, na mwaka mmoja baadaye Unity waliifuta ada hiyo. Kijana anayeanza leo angetumia jioni moja kusoma masharti ya chombo chake kabla hajakipenda mno. Chombo cha chanzo huria hakimkingi na mwenye duka, lakini kinamkinga na mwenye chombo, na hiyo ni nusu ya hatari imeondoka.

Injini moja chini ya michezo miwili

Fumbo la fizikia bila fizikia ni picha tu. Mpira lazima uanguke kwa kasi inayoongezeka, ugonge mbao na kudunda, mbao nayo itikisike na pengine kupinduka kutegemea ilipogongwa. Kukokotoa hayo mara nyingi kila sekunde, kwa vitu kadhaa vinavyogusana kwa pamoja, bila mpira kupenya ndani ya ukuta, ni kazi ya hisabati ambayo ingemmaliza mwanafunzi huyu kabla hajafika popote.

Kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa. Erin Catto, mtaalamu wa fizikia ya michezo, alikuwa ameitoa injini yake ya Box2D mwaka 2007 kama chanzo huria, na Corona ilikuwa imeitia ndani yake. Mtumiaji wa Corona anaandika mstari mmoja tu: kitu hiki kina uzito huu, kinakwaruza kiasi hiki, kinadunda kiasi hiki. Mengine yanafanyika chini.

Angry Birds nao unaendeshwa na Box2D. Mapema mwaka 2011, katika mkutano wa watengenezaji michezo huko San Francisco, mwakilishi wa Rovio, kampuni ya Ufini yenye mchezo huo, alikuwa akizungumza mbele ya hadhira. Catto alisimama akauliza Angry Birds unatumia injini gani ya fizikia. Akajibiwa: Box2D. Akauliza kama wangekubali kuitaja injini hiyo ndani ya mchezo, kisha akajitambulisha kwamba ndiye aliyeiandika. Walikubali.

Hivyo, Januari ile ambayo magazeti yaliandika kwamba mtoto ameishinda kampuni, michezo yote miwili ilikuwa inabingirika na kugongana kwa hesabu za mtu mmoja, aliyezitoa bure. Je, hilo linapunguza alichofanya Nay? Kama linampunguza yeye, basi linaipunguza Rovio vilevile, na Rovio ilikuwa na wafanyakazi, na ilikuwa imeshatengeneza michezo 51 kabla ya kuupata huo wa ndege. Mimi naona halimpunguzi yeyote. Linatuonyesha mwezi wa kijana ulikwenda wapi. Kwa kuwa hakulazimika kuandika fizikia, muda wake wote uliingia katika sehemu ambayo hakuna mtu mwingine angeweza kumwandikia, yaani huu mchezo hasa: vipande vipi, vingapi, bendera iwekwe wapi, ngazi ipi ije kabla ya ipi.

Mtu asiyewahi kutengeneza mchezo hushangaa mistari 4,000 inakwenda wapi ikiwa fizikia imo tayari. Inakwenda kwenye mambo yasiyopigiwa picha. Kidole kinapogusa vipande viwili vilivyopandana, kipi kisogee? Mchezaji akiinua kidole nje ya eneo linaloruhusiwa, kipande kirudi wapi? Akianza upya ngazi, kila kitu kirejee mahali pake sawasawa, la sivyo fumbo lililowezekana mara ya kwanza halitawezekana mara ya pili. Simu ikiita katikati, mchezo usubiri. Ngazi zilizokwisha kupitwa zikumbukwe kesho. Kila kimoja ni kidogo, na mchezo unaokosa hata viwili vya hivyo hufutwa na mchezaji dakika hiyohiyo.

Ngazi za mama

Taarifa za wakati ule zilitaja, kwa sentensi moja moja, kwamba mama yake Nay alisaidia kubuni baadhi ya ngazi. Wasimulizi wengi waliichukua kama kipande kitamu cha habari za familia. Mimi naichukua kama taarifa ya kiufundi.

Aliyetunga fumbo ndiye mtu asiyefaa kabisa kupima ugumu wake, kwa kuwa jibu analijua. Anachokiona rahisi ni kile alichokizoea, na anachokiona kigumu ni kile kilichomsumbua kukiandika. Mtu wa pili, hasa asiyejua msimbo, anapanga vipande kwa namna ambayo mtunzi hakuifikiria, na mara nyingi anapita ngazi kwa njia ya mkato ambayo haikukusudiwa, au anakwama mahali palipodhaniwa ni pa kujifurahisha. Mama aliyebuni ngazi bila shaka alizicheza pia, na ili abuni ilibidi aelewe sheria za mchezo kwa kuuona tu. Kama asiyeandika programu ameweza kutunga ngazi, maana yake sheria zimeeleweka. Ni kipimo cha ubora ambacho kampuni hulipa watu wakifanye.

Kijana mwenye mchezo nusu ana watu wa aina hii nyumbani na shuleni. Kinachomzuia kuwapa simu ni aibu: anataka kwanza uwe mzuri. Lakini ukiwa tayari mzuri machoni pake, maoni yao yatakuwa yamechelewa kubadili lolote. Awape mapema, akae kimya, asiwaelekeze kidole wala neno, atazame wanapokwama.

Siku, bei na orodha

Mchezo ulitoka siku nne baada ya Krismasi. Ni kipindi ambacho Marekani nzima ina simu na iPod touch mpya mikononi mwa vijana wenzake Nay, vifaa vitupu vinavyotafuta cha kuwekwa ndani. Isitoshe, miaka ile Apple walikuwa na desturi ya kufunga mapokezi ya programu wakati wa Krismasi, na mara milango ilipofunguka, mpya zilizotoka zilikuwa chache kuliko hamu ya watu. Mchezo wa bure, wa kueleweka kwa sekunde kumi, uliingia hapo.

Sasa kuhusu ushindi wenyewe. Orodha aliyoiongoza ilikuwa ya michezo ya bure. Angry Birds kamili wa iPhone uliuzwa senti 99 za dola, na mchezo wa kuuzwa huhesabiwa katika orodha yake. Mara milioni moja za kupakuliwa bure ni mara milioni moja za sifuri. Sisemi haya kumpokonya kijana taji lake. Nasema kwa sababu vijana wengi wanaosoma kisa hiki huhesabu fedha vichwani: milioni kuzidisha dola moja. Bei ya dola moja ingeubakisha mchezo wa mtu asiyejulikana chini kabisa, kwenye duka lililokuwa na programu zaidi ya 300,000. Bure ndiyo iliyoufikisha kwa watu. Fedha za mchezo wa bure hutoka kwenye matangazo au kwenye ngazi za ziada za kulipia, na vyote viwili vinataka kazi nyingine ya kuandika, mikataba mingine, na mara nyingi mtu mzima wa kuisaini.

Sahihi ya mtu mzima

Hapa ndipo kisa cha kijana kinapotengana na cha mtengenezaji mwingine yeyote. Apple hutaka anayejiunga na mpango wake wa watengenezaji awe amefikia umri wa utu uzima kisheria mahali anapoishi, na hutoza dola 99 kwa mwaka. Google Play hutaka mwenye akaunti awe na miaka 18, na hutoza dola 25 mara moja tu. Sababu ni ya kisheria: katika Marekani, mkataba uliosainiwa na mtoto anaweza kuukana baadaye, na hakuna kampuni inayotaka kuuza bidhaa kwa mkataba wa namna hiyo. Kwa hiyo mchezo wa mtu wa miaka 14 hutoka chini ya akaunti ya mzazi au mlezi, na mapato, kodi na lawama vyote humfikia mtu mzima huyo kwanza.

Wazazi hulichukulia hili kama kujaza fomu. Laiti wangelikalia na mtoto wao mezani na kuandika, kwa lugha ya kawaida, mambo manne: mchezo ni wa nani, fedha zikija zinawekwa wapi, nani anajibu barua za watumiaji, na itakuwaje mwenye mchezo akitimiza miaka 18. Mchezo unaweza kuhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine, lakini ugomvi wa familia hauhamishiki kirahisi hivyo. Vijana wakiwa wawili au watatu, maandishi hayo yanahitajika zaidi, kwa sababu marafiki wa darasa moja hutengana shule inapokwisha, na mchezo hubaki.

Kuna tahadhari nyingine isiyomjia kijana kichwani: anaweza kuwa yeye ndiye mvunja sheria ya watoto. Sheria ya Marekani ya COPPA, iliyopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 2000, inakataza kukusanya taarifa binafsi za watoto walio chini ya miaka 13 mtandaoni bila ridhaa ya mzazi inayothibitika. Agosti 2011, miezi minane baada ya Bubble Ball kutoka, tume ya biashara ya Marekani ilimaliza kesi yake ya kwanza ya COPPA dhidi ya mtengenezaji wa programu za simu, na kampuni husika ikakubali kulipa dola 50,000. Kijana wa miaka 14 haumo umri wake katika ulinzi huo, lakini wachezaji wake wa miaka 9 wamo. Akipachika kifurushi cha matangazo alichokikuta kwenye video ya mafunzo, bila kujua kinakusanya nini, mwenye akaunti ni mzazi wake. Mchezo usiouliza jina, barua pepe wala mahali, usio na matangazo ya kufuatilia watu, ndio mwanzo salama kwa mtu wa umri huo.

Ipo pia njia ya kuanzia kandokando ya duka. Mwaka 2014 wasichana wawili wa sekondari walikutana katika mafunzo ya kiangazi ya Girls Who Code, shirika linalowafundisha wasichana kuandika programu, jijini New York, wakatengeneza mchezo wa kuvunja ukimya kuhusu hedhi, Tampon Run. Waliutoa kwanza wa kuchezwa kwenye kivinjari, mahali ambapo hakuna akaunti ya mtu mzima, ada wala ukaguzi wa duka. Watu waliupenda, na toleo la simu likafuata mwaka 2015, wakati tayari walikuwa na watu wazima wenye ujuzi wa kuwasaidia. Kwa kijana ambaye mzazi wake anasitasita, mpangilio huo naupendekeza kwa moyo wote: mzazi ataamua kusaini akiwa ameona mchezo unaochezwa na watu.

Ingekuwa sasa

Mengine yangebadilika. Tangu Novemba 2023 Google inataka akaunti mpya za watu binafsi zijaribu programu kwa siku 14 mfululizo na kundi la wajaribu kabla ya kuitoa kwa umma. Mwanzoni walitakiwa wajaribu 20, na Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi 12. Wengi wamelalamika. Kwa mwanafunzi, nadhani sharti hili lina faida kuliko hasara, maana linamlazimisha kufanya alichofanya Nay na mama yake, kwa watu 12 badala ya mmoja. Kinachohitajika ni kuliingiza kwenye ratiba tangu mwanzo, na kuwapata watu hao shuleni kabla mitihani haijawatawanya.

Kazi baada ya kutoka nayo imeongezeka. Simu hubadilika, na mchezo usiohudumiwa hufa: Septemba 2017, iOS 11, toleo jipya la mfumo endeshi wa iPhone, iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, yaani zilizoandaliwa kwa vichakataji vya zamani, na michezo mingi ya kizazi cha 2010 ambayo haikuandaliwa upya iliacha kufunguka kwenye simu zilizopokea toleo hilo. Mtu aliyetoa mchezo akiwa na miaka 14 alikuwa na 21 kufikia hapo, pengine chuoni au kazini, na msimbo wake wa utotoni ulikuwa unamdai. Ni vyema kuamua mapema kama mchezo utatunzwa kwa miaka au utaachwa upumzike, na kuwaambia wachezaji hivyo.

Chombo chenyewe kilipita njia ndefu. Ansca Mobile ilibadili jina kuwa Corona Labs mwaka 2012, na kampuni ilipofikia mwisho wake mwaka 2020, msimbo wa Corona ulikuwa umeshafunguliwa kuwa chanzo huria. Watumiaji wakauendeleza wenyewe kwa jina la Solar2D. Mwanafunzi anayetaka kutengeneza fumbo lake la mipira na mbao anaweza kuipakua leo bila malipo, aandike kwa Lua, na chini yake ataikuta Box2D ikiwa bado inafanya hesabu.